Feni ya konveta kwenye trela la kempa inakwaruza usiku kucha. Ninunue konveta mpya au kuna njia?

Kijana wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Mimi na shemeji yangu tuna trela la kempa, lile la kufunguka juu na turubai, limetoka Afrika Kusini. Tulilichukua kwa watu wa utalii waliokuwa wanapunguza vifaa kule Arusha. Sasa hivi lipo Kigombe kwenye kiwanja cha mzee, chini ya mkorosho (chini ya mnazi hapana, kichwa ninacho kimoja). Ijumaa jioni tunashuka na familia, Jumatatu alfajiri tunarudi mjini.

Umeme tunavuta kwa waya kutoka nyumbani kwa mzee mpaka kwenye ile plagi ya buluu ya duara iliyopo ubavuni mwa trela. Ndani, chini ya benchi la kulalia, kuna boksi la bati. Ndiyo konveta yenyewe: inapokea volti 230 za ukutani inatoa volti 12 za taa na pampu ya maji, na hapohapo inachaji betri. Lebo inasema ampea 20.

Shida yangu ni feni yake. Tulipolinunua ilikuwa inawaka kidogo, inazima, maisha yanaendelea. Siku hizi ikiwaka imewaka, haizimi mpaka asubuhi. Na sauti imebadilika. Mwanzo ulikuwa upepo tu, sasa upepo umechanganyika na mkwaruzo, na ikianza inakwangua kwanza ndipo inashika kasi. Watoto wanaamka. Mama watoto ndiye anayelala kichwa juu ya boksi, kaniambia wiki ijayo niende peke yangu na konveta yangu. Halafu anadai kuna harufu humo ndani, mimi siisikii.

Fundi mmoja wa mjini nimemtumia picha, hakuuliza hata swali, kasema nunua konveta mpya. Kabla sijatoa hela, kuna mtu humu kakutana na hili?

Waja Leo

Tanga raha bwana, mpaka konveta zinaimba taarabu. Mpelekeeni kinanda.

Mama Wawili Sahare

Mleta uzi, kwa kuanzia geuza malazi. Kichwa cha mwenzio kiende mlangoni, cha kwako kiende kwenye boksi. Hiyo ni bure na utaifanya leo. Nina hakika ukilala wewe hapo, fundi atapatikana haraka.

Kata Waya

Mkuu chomoa waya wa feni, kazi imeisha. Inveta yangu ya sola nimeichomoa feni siku nyingi na inapiga mzigo kama kawa. Hivi vifeni wanaweka kupandisha bei.

Fundi Lehemu

Mleta uzi, ushauri wa hapo juu usiufuate.

Kata Waya, tupige hesabu pamoja. Ampea 20 kwa volti 13.6 (inapochaji haitoi 12 kamili, inapanda hapo) ni wati 272 zinazotoka. Boksi la aina hiyo likifanya kazi kwa asilimia 85, litavuta wati 320 hivi ukutani. Zile 48 zinazopungua hazijapotea, zimegeuka joto ndani ya bati, bati liko ndani ya benchi lililofungwa, na juu ya benchi kuna godoro la sponji na watoto wa watu. Konveta nzuri ina kinga, joto likizidi inajizima. Ya zamani, au ambayo mtu alishaifungua, usiitegemee kwa hilo. Hata isipowaka moto, kapasita zake (vile vikopo vya kuhifadhi umeme kwenye sakiti) zinakufa mapema: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wa kapasita unapungua nusu. Inveta yako ikizima siku moja usiseme karogwa mtu.

Sasa kwa mleta uzi. Una shida mbili na umeziandika kama moja. Ya kwanza ni mkwaruzo: hapo feni yenyewe imechoka. Ya pili ni kwamba haizimi, na hiyo siyo kosa la feni. Feni ya konveta haijiwashi kwa kupenda. Kuna zinazowashwa na kiswichi cha joto kilichobanwa kwenye lile bapa la alumini la ndani, na kuna zinazowashwa na mzigo, ampea zikipita kiwango fulani. Ukiweka feni mpya bila kujua kwa nini haizimi, utapata feni mpya inayovuma mpaka asubuhi.

Ukienda Kigombe fanya hivi usiku, umeme wa mzee ukiwa umechomekwa. Zima kila kitu cha volti 12: taa, pampu, chaja za simu, na friji kama iko upande wa betri. Subiri nusu saa. Feni ikizima, mzigo wako ndio mkubwa. Isipozima, chomoa fyuzi ya betri, ile kubwa iliyo karibu na nguzo chanya, usubiri tena. Ikizima hapo, betri ndiyo inanyonya. Na kama itaendelea kuvuma haina mzigo wala betri, basi kiswichi cha joto kimenata au hewa haipiti kabisa.

Nenda na mita. Pima betri ikiwa inachajiwa, kisha ichomoe ilale, uipime asubuhi. Niletee namba zote mbili. Friji ni ya aina gani?

Kijana wa Chumbageni

Ahsante Fundi. Friji ni ile ya njia tatu: gesi, volti 12 na volti 230. Tukiwa tumeegesha tunatumia gesi.

Fundi Lehemu

Vizuri, ibaki huko. Ile friji ikiwekwa volti 12 ni pasi: wati 120 mpaka 150, yaani ampea 10 au zaidi, nusu ya konveta yako imekwenda. Volti 12 ya friji ni ya barabarani tu, gari likiwa linaunguruma. Mkiwa na umeme wa mzee weka 230 moja kwa moja, isipite kwenye konveta.

Mbondei Ughaibuni

Salamu kutoka Marekani wana Tanga. Huku matrela ya kulala ni mengi, na kilio cha feni ya konveta ni kilekile. Wengi konveta yao inakaa chini ya kitanda au chini ya friji, kwenye boksi moja na fyuzi.

Nilichojifunza kwenye langu: taa. Lilikuja na balbu za zamani za wati 18 kila moja. Jioni familia ikiwasha taa nane, hizo ni wati 144, karibu ampea 11 za mwanga peke yake, na feni lazima iamke. Nikabadilisha zote nikaweka za LED za wati 2 au 3. Tangu hapo feni naisikia kwa nadra, nikirudi safari na betri imeshuka.

Pia ujue chaja hizi zina ngazi. Ya kwangu ni ya kampuni ya Progressive Dynamics: betri ikiwa chini inapanda volti 14.4, ikishiba kiasi inashuka 13.6, trela likikaa bila matumizi inateremka 13.2. Kwenye 14.4 ndipo joto na feni vipo. Ikiwa yako haishuki kutoka kule juu, fuata sababu ya hilo kama Fundi alivyosema.

Na tafadhali mtu asikushawishi uagize konveta ya huku kwa sababu ni rahisi mtandaoni. Umeme wa huku ni volti 120, nyumbani 230. Ukiichomeka Kigombe itavuma mara moja tu.

Kijana wa Chumbageni

Taa zangu ni LED zote tayari. Nimesoma, naondoka Ijumaa na mita ya shemeji.

Bwana Kaole

Nipo Bagamoyo, trela langu lipo upande wa Kaole, bahari naiona. Nyongeza mbili kutoka pwani.

Moja, chumvi. Kaskazi ikipiga, ule unyevunyevu unaingia mpaka kwenye kabati la nguo. Feni za bei rahisi zina bushi ndani, kijiti cha chuma kinazunguka kwenye kibomba kilicholoweshwa mafuta. Mafuta yakikauka na chumvi ikiingia, ndipo unasikia mkwaruzo. Tafuta yenye beringi za gololi. Ikiwa mpya inaweza kuwa na kasauti kalikozidi kidogo ka ya bushi, ila kwenye joto inadumu zaidi, na haijali umeilaza au umeisimamisha.

Mbili, nusu ya kelele unayosikia siyo ya feni, ni ya plaiwudi. Boksi limefungwa skrubu moja kwa moja kwenye mbao nyembamba, feni inatetemeka kidogo, benchi zima linageuka ngoma. Mimi nilikata kandambili za zamani, vipande vinne, nikaweka chini ya miguu ya boksi, skrubu nikazikaza kwa kiasi tu zisiibane raba mpaka iishe. Sauti ilishuka siku hiyohiyo, feni ikiwa ileile. Angalizo: vipande vikae miguuni tu, visizibe matundu, na visiguse sehemu inayochemka.

Mama Wawili Sahare

Hizo kandambili ni za kwako au za mkeo, Bwana Kaole?

Bwana Kaole

Dada, niache na ndoa yangu.

Kata Waya

Mnamzungusha mtu. Kama hataki kuchomoa, basi atie mafuta. Tone la mafuta ya kula feni inanyamaza.

Mwalimu wa Ufundi

Mafuta ya kula hapana. Yanaganda yakageuka gundi, na vumbi litashika hapo kuliko mwanzo. Ya nazi ndiyo kabisa, asubuhi ya baridi Lushoto yanakuwa jiwe. Ukitaka kutia, bandua ile karatasi ya katikati ya feni, toa kizibo cha raba kama kipo, tia tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha karatasi. Itanyamaza kwa muda, upate nafasi ya kutafuta nyingine. Bushi iliyokwisha kulika haiponi kwa mafuta.

Na kuna watu huwa wanashauri uweke rezista kwenye waya ili feni izunguke polepole. Usifanye kwenye konveta. Feni ya volti 12 ukiipunguzia sana inaweza kugoma kuanza, ikabaki imesimama inapata joto nayo, na wewe umelala unafurahia kimya.

Kijana wa Chumbageni

Wakuu nimerudi, nina mengi.

Ijumaa usiku tulipofika, feni ikawaka kama kawaida. Nikazima taa, pampu, simu zote. Nusu saa ikapita, feni inavuma. Nikachomoa fyuzi ya betri. Tukakaa nje tunakula mihogo, na kabla hatujamaliza sahani tukasikia kimya. Mama watoto ndiye aliyeshtuka wa kwanza, akadhani umeme umekatika.

Nikarudisha fyuzi ili nipime. Betri ikiwa inachajiwa: volti 14.3, na haishuki, nimeitazama saa nzima. Nikaichomoa tena tukalala. Asubuhi betri imesoma 10.6.

Halafu ile harufu. Mwenzangu alikuwa anasema yai viza. Nilipoinua ubao wa benchi nikakuta mayai mawili ya mjusi, meupe, yamegandana, yamebandikwa kwenye fremu ya feni kwenye kona ambapo pala hazigusi. Moja limepasuka. Tukasema basi, harufu tumeiona. Nikayatoa, nikafuta, nikarudisha betri. Jumamosi usiku harufu ipo palepale, na upande mmoja wa betri ukiushika ni moto, mwingine uko kawaida.

Feni nimeigusa ikiwa imezimwa. Ukiisukuma kwa kidole pala zinacheza juu na chini, siyo kuzunguka tu. Kwenye kingo zake kuna ukoko mweupe wa chumvi uliochanganyika na nyuzi za blanketi. Katikati ile karatasi imebanduka nusu, chini yake grisi imekauka nyeusi.

Sasa nifanye nini?

Fundi Lehemu

Kwanza hilo betri litoke. Msilale humo mpaka litoke. Nasema bila mzaha, na mwambie mama watoto pua yake ni kipimo kizuri kuliko mita ya shemeji.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2.1 hivi. Nzima iliyoshiba, ikilala bila mzigo, inasoma 12.6 au 12.7. Ya kwako 10.6. Ondoa chumba kimoja kwenye sita uone unabaki na ngapi: 10.5. Chumba kimoja kimekufa.

Konveta haijui hilo. Inasubiri betri ishibe ili ishushe volti, betri haishibi, ampea hazipungui, kwa hiyo inabaki kule juu 14.3 usiku wote. Gawanya 14.3 kwa vyumba vitano vilivyobaki: 2.86 kila kimoja. Vikiwa sita ingekuwa 2.38. Betri za asidi huanza kutokota na kutoa gesi kwenye 2.4 hivi. Yaani kila usiku mmekuwa mnachemsha asidi chini ya godoro. Gesi inayotoka kwa wingi ni haidrojeni, haina harufu, ikikusanyika inalipuka kwa cheche. Na betri ikichemshwa hivyo inaweza kutoa pia ile ya yai viza, ambayo ni sumu. Mjusi wenu hana kosa.

Hapo umepata jibu kwa nini feni haizimi. Ilikuwa inafanya kazi yake. Imechakaa mapema kwa sababu imezungushwa usiku kucha katika hewa ya chumvi kwa kosa la betri.

Betri mpya: kwa kuwa inakaa chini ya kitanda, chukua ya AGM iliyofungwa, ile ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, haimwagiki. Angalia volti za kuchajia zilizoandikwa kwenye betri, nyingi za AGM zinakubali 14.4, kwa hiyo konveta yako itaelewana nayo. Hata hivyo toboa tundu la kupumulia litokee nje ya trela, chini ya sakafu au ubavuni. Usiseme imefungwa haina haja.

Ukibakia na ya maji, kila mwezi fungua vizibo uangalie kimo, ongeza maji ya betri tu, siyo ya bomba wala ya kisima. Maji ya visima vya pwani yana chumvi.

Waja Leo

Mimi nilikuja kucheka. Sasa nimekwenda kupima betri ya pikipiki.

Mama Wawili Sahare

Mwanamke kasema kuna harufu, mwanaume kasema siisikii. Naweka tu hapa.

Kijana wa Chumbageni

Dada nimesoma. Na yeye kasoma, nimempa simu mwenyewe.

Betri imetoka, kaichukua jamaa wa vyuma chakavu kwa kupima kilo. Swali: feni naibadilishaje bila kujiua? Boksi lina skrubu nne na stika ya onyo.

Mwalimu wa Ufundi

Stika ya onyo ina sababu. Ndani kuna kapasita kubwa inayobeba umeme wa ukutani uliokwisha nyooshwa, yaani uliogeuzwa kutoka AC kuwa DC. Volti 230 zikinyooshwa zinafika kama 325, na kuna muundo unaopandisha mpaka karibu 400. Ukichomoa plagi, kapasita haimwagi yote papo hapo. Kwa hiyo: chomoa ukutani, chomoa betri, acha robo saa au zaidi, fungua, halafu pima kwenye miguu ya kapasita kubwa kabla ya kuingiza kidole. Ikiwa mita bado inasoma makumi ya volti, funga uende kwa fundi wa redio. Siyo aibu.

Ikiwa salama, feni yenyewe ni skrubu nne na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Kabla hujaitoa piga picha, uone inapuliza ndani au inavuta nje. Pembeni ya feni nyingi kuna vishale viwili, kimoja mwelekeo wa kuzunguka, kingine wa upepo. Ukiigeuza itavuma vizuri tu, na joto litabaki ndani.

Nenda nayo dukani mkononi. Soma lebo: ukubwa kwa milimita, volti, ampea. Dukani kuna za volti 24 zimefanana kabisa na za 12. Ukifunga ya 24 kwenye umeme wa 12 itazunguka kivivu, kimya, utadhani umefanikiwa.

Bwana Kaole

Na unene usome. Kuna za milimita 15, za 20 na za 25. Mimi nilirudi dukani kwa sababu kifuniko kiligoma kufunga.

Kijana wa Chumbageni

Lebo inasema milimita 60, unene 25, volti 12, ampea 0.15. Nimeona mtu mahali akisema niweke kubwa zaidi ya milimita 80 ili izunguke polepole. Ina ukweli?

Mwalimu wa Ufundi

Ina ukweli. Ya 80 ina eneo la karibu mara 1.8 ya ile ya 60, kwa hiyo inaweza kusukuma hewa ileile ikizunguka taratibu. Na kelele inashuka sana kasi ikipungua: feni ileile ukiipunguza kasi nusu, sauti inashuka kama desibeli 15, ila na hewa nayo imepungua nusu, hapo ndipo watu wanaponasa. Tatizo la kwako ni bati: tundu ni la 60. Itabidi ukate boksi au uweke koni ya kuunganisha, na ukikata bati unyoya mmoja wa chuma ukiangukia kwenye sakiti, umenunua konveta. Mimi ningefunga ya 60 nzuri, ya gololi, halafu ningeshughulikia hewa ya benchi.

Maana hilo hujalisema: hewa ya kuingia inatoka wapi na ya moto inatokea wapi? Kama benchi limefungwa pande zote, feni inazungusha joto lilelile.

Kijana wa Chumbageni

Limefungwa. Kuna tundu moja la waya tu, na mablanketi tulikuwa tunayasukumia humohumo.

Mwalimu wa Ufundi

Mablanketi yatafute chumba kingine. Kata matundu mawili kwenye ubao wa mbele, moja chini karibu na sakafu upande feni inapovutia, lingine juu upande wa pili, hewa ya moto hupanda yenyewe. Yawe makubwa kuliko uso wa feni. Weka wavu wa aluminiamu. Wa mbu ni mzuri kwa mbu, ila unaziba kwa vumbi upesi, ukiuweka uwe unaupiga brashi.

Kijana wa Chumbageni

Mrejesho, kama ilivyo desturi ya jukwaa.

Feni nimeipata Ngamiani kwa fundi wa redio, kaitoa kwenye droo iliyojaa feni za kompyuta. Za bushi alikuwa nazo nyingi, ya gololi moja, imeandikwa ubavuni. Tumeijaribu palepale kwenye betri ya pikipiki yake, sikio karibu, upepo tu hakuna mkwaruzo. Kwa sababu plagi yake haikufanana na ya kwangu, akakata akaunganisha waya kwa lehemu na kuvalisha mpira. Boksi alilifungua yeye, kapasita akaipima yeye, mimi nilishika tochi.

Matundu mawili kakata seremala wa Makorora. Kandambili za Bwana Kaole zimefanya kazi, za kwangu mwenyewe, kabla dada hajauliza. Betri ni AGM ya ampea-saa 100.

Jumamosi usiku feni iliwaka tulipofika, maana betri ilikuwa imeshuka njiani. Ikavuma mpaka tukamaliza kula, ikazima. Nikapima: 13.6. Usiku haikuwaka tena. Nikitaka kimya kabisa nazima konveta kwenye soketi kabla ya kulala, tunatumia betri.

Fundi Lehemu

Hapo sawa. Piga hesabu ya usiku: taa kidogo, feni ya kupepea watoto, simu, tuseme ampea 3 kwa saa 8, ni ampea-saa 24. Betri ya 100 usiishushe chini ya nusu ili idumu, kwa hiyo una nafasi ya kutosha. Asubuhi uwashe konveta mkiwa mnaenda kuogelea, ivume peke yake.

Jambo moja la mwisho: waya wa kutoka kwa mzee, kama ni wa kuzungushia kwenye gurudumu, ufungue wote hata kama unatumia nusu. Ukiwa umezungushwa unapata joto katikati, hasa mkichemsha maji ya chai kwa birika la umeme.

Kata Waya

Nimesoma uzi wote. Bado feni yangu sirudishi, ila boksi nimelitoa ndani nimelining'iniza barazani.

Fundi Lehemu

Barazani kuna mvua ya masika, mkuu.

Mgeni wa Pangani

Samahani kuingilia. Langu ni trela la Uingereza la zamani, boksi lake halina feni kabisa lakini linaguna, mmm moja ndefu isiyopanda wala kushuka, hata taa zikizimwa. Nalo betri?

Mwalimu wa Ufundi

Huo ni mguno wa transifoma. Umeme wetu ni hezi 50, na chuma cha transifoma kinatetemeka mara mbili yake, hezi 100, ndiyo maana sauti haibadiliki. Kaza skrubu za transifoma na za boksi, weka raba miguuni. Zile za zamani nyingi hazina ngazi za kuchaji, kwa hiyo pima volti za betri baada ya kuchaji usiku kucha. Ukikuta imepita 14 na haishuki, usiiache imechomekwa wiki nzima. Lete namba.

Mgeni wa Pangani

Nakwenda kuazima mita.